Jogoo wa Singida

Ijumaa kwetu hakupikwi. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Ilianza tu siku moja mke wangu alipokwama kwenye foleni ya Ubungo hadi usiku, watoto wakanitazama kama wabunge wanavyomtazama waziri asiye na majibu, nami nikavaa ndala nikatoka. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa saa moja jioni nasimama mbele ya kabati la vioo hapa Tabata na kusema maneno yale yale: "Nifungie tano." Yaani chipsi kuku tano, kipaja kila moja, kachumbari ya kutosha, pilipili mbali. Sahani 5,000.

Mwezi uliopita nilifanya kosa la kupiga hesabu. 5,000 mara watu watano, mara Ijumaa nne, ni shilingi 100,000. Laki nzima inaondoka kwa mwezi ikiwa imefungwa ndani ya foili! Mali bila daftari huisha bila habari, nikajiambia, nikachukua daftari la Sayansi la binti yangu na kuandika ukurasa wa mwisho: kuku 9,000, viazi 3,000, mafuta yapo, viungo vipo, upishi bure. Jumla 12,000. Faida kwa wiki 13,000, kwa mwezi 52,000. Nikapigia mstari mara mbili, nikampelekea mke wangu.

Alisoma kidogo tu. "Mafuta yapo wapi?"

"Jikoni."

"Yale ni robo lita, baba."

"Yanatosha."

Akanirudishia daftari, akaendelea kukunja nguo. Nina miaka kumi na minne kwenye ndoa. Ukimya ule nilipaswa kuutambua.

Lakini mimi nilikuwa na ushahidi. Kila Ijumaa nilikuwa nimesimama pale kibandani nikimwangalia yule kijana anavyofanya kazi, na kazi yenyewe nilikuwa nimeikariri. Ana aproni ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Anachukua kipaja kabatini kwa koleo, anakitumbukiza kwenye karai, anageuka kuchukua pesa za mtu, anarudisha chenji, anamtania dereva wa bajaji, halafu bila hata kuangalia, kwa kusikiliza tu mlio wa mafuta, anazamisha chujio lake la mpini mrefu na kukitoa kile kipaja kikiwa na rangi ya mlango uliopigwa vanishi leo asubuhi. Anagonga chujio kwenye ukingo wa karai mara mbili, ko, ko, mafuta yachuje. Nilishahesabu kwa saa yangu: dakika tatu. Mtu mzima mwenye akili timamu anashindwaje na kitu cha dakika tatu?

Ijumaa hiyo nikaomba ruhusa kazini mchana, nikapanda daladala hadi soko la kuku la Shekilango.

Hapa ndipo kiburi kilipoingia. Muuzaji aliniuliza swali la kawaida kabisa, "Bosi, wa kisasa au wa kienyeji?" Nami, badala ya kujibu kwa daftari, nikajibu kwa kifua. Kuku wa kisasa anauzwa akiwa na wiki tano au sita. Huyo si kuku, huyo ni mwanafunzi wa chekechea. Kama naamua kupika, napika kuku anayeeleweka. Muuzaji akanielewa haraka kuliko nilivyojielewa mwenyewe. Akaniletea jogoo mwekundu mwenye kucha za kupandia mnazi, akamwinua kwa miguu na kusema kwa heshima, "Huyu wa Singida, ameshuka na gari alfajiri." Kila jogoo Dar es Salaam ni wa Singida, kama ambavyo kila mchele ni wa Kyela. Nilijua hivyo, na bado nikatoa 28,000, pamoja na kuchinjwa na kunyonyolewa. Ile tofauti ya 19,000 nikaiita mtaji.

Njiani nikanunua viazi kilo tatu, viungo, na mafuta lita tatu, maana nilipofikiria ukubwa wa lile karai la kijana nikaona robo lita itabaki kulilowanisha tu. Karai nikaazima kwa bibi wa mlango wa tatu. Ni mtu wa Tanga, mstaafu, hushinda kibarazani kwenye mkeka akichambua mchele na kuchambua majirani. Aliniuliza la nini. Nikamwambia leo wanawake wanapumzika. Akasema, "Haya, mjukuu wangu," kwa sauti ya mtu anayesogeza mkeka mahali atakapoona vizuri zaidi.

Kumkata yule jogoo kulinichukua dakika arobaini. Nilitarajia vipande vinane, nikapata kumi na moja, vitatu vikiwa havijulikani vimetoka sehemu gani ya ndege. Nikaviosha, nikavipaka chumvi, ndimu, tangawizi na saumu, nikawasha gesi. Jiko letu ni lile la mtungi wa kilo sita, plate inakaa juu kwa juu, na karai la bibi lilipokaa pale lilionekana kama kofia ya babu kichwani kwa mtoto. Mafuta yakaanza kutoa moshi. Nikaona huo ndio wakati. Nikachukua vipande vinne vinavyodondoka maji, nikavitumbukiza kwa mpigo.

Maji yanachemka kwenye digrii 100. Mafuta ya kukaangia huwa kwenye 170 hadi 180, na yangu, kwa moshi ule, yalikuwa yamepita huko zamani. Tone la maji likizama ndani ya moto wa namna hiyo haligeuki mvuke taratibu. Linalipuka, na linalipuka likiwa na mafuta begani. Fizikia hii niliifundishwa kidato cha pili na nikaifaulu. Siku ile niliisoma upya kwa ngozi ya mkono. Ukuta ulipata madoa, kalenda ikapata madoa, mimi nikajikuta uani nikiwa nimeshika kifuniko cha sufuria kama ngao, na sikumbuki kupita mlangoni.

Kurudi ndani bila kinga nikaona ni ujinga. Kwenye kamba ya nguo ilikuwa imening'inia helmeti ya kijana wa chumba cha uani, bodaboda, alikuwa amelala akisubiri zamu ya usiku. Nikaivaa. Nakuhakikishia, msomaji, kwa dakika mbili za mwanzo huo ulikuwa uamuzi bora kabisa wa siku hiyo. Niligeuza vipande kama mchomelea vyuma, sihisi kitu. Tatizo la helmeti ni kioo chake. Kikishapata mvuke wa saumu kwa ndani na mafuta kwa nje, huoni kuku, huoni karai, unaona ukungu wa njano tu. Nilikuwa kwenye ukungu huo nilipohisi mtu amesimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi," nikasema kutoka ndani ya helmeti.

"Marahaba. Nani wewe?"

Nikafunua kioo. Akanitazama, akatazama ukuta, akaja hadi kwenye karai lake.

"Umemchemsha kwanza?"

"Hapana, bibi. Nakaanga moja kwa moja."

"Mjukuu wangu, wahenga walisema usione vyaelea..." Akainama kuangalia ndani ya mafuta, akanyamaza. Hakukuwa na kilichokuwa kinaelea. Jogoo wa Singida alikuwa ametulia chini ya karai kama nanga.

Nilipotoa vile vipande, nje vilikuwa vyeusi. Nilipovipasua, ndani vilikuwa vya waridi, na kwenye mfupa damu ilikuwa bado mbichi. Ngozi iliungua kabla moto haujajua kuna nyama ndani. Kuku haliwi hivyo, hata kama umemnunua kwa pesa nyingi kiasi gani. Nyama yake inatakiwa kufika digrii 74 hadi katikati, na yangu katikati ilikuwa bado Singida. Nikapunguza moto, nikavirudisha, nikavikaanga mpaka pasiwe na swali tena kuhusu damu. Kisha nikamkatia mwanangu mdogo kipande aonje. Alitafuna. Akaendelea kutafuna. Nikaangalia taarifa ya habari hadi michezo. Akasema, "Baba, huyu kuku anarudi."

Nikajaribu mwenyewe. Ni kweli. Meno yaliingia, halafu yakarudishwa.

Viazi nisiviseme sana. Nilimwaga vyote kilo tatu kwa wakati mmoja, vingine vina unene wa kalamu na vingine wa kidole gumba, mafuta yakanyamaza kimya kama darasa mwalimu mkuu akiingia. Jiko dogo namna ile halina nguvu za kuyapandisha tena. Viazi badala ya kukaangika vikakaa kuoga, na vilipotoka vilikuwa vimekunywa mafuta mpaka ukiinua kimoja, vyote vinakuja. Mke wangu alisema hiyo si chipsi, ni zege lisilo na mayai. Na saa mbili na nusu usiku, nikiwa bado na vipande vitano vya jogoo ndani ya karai, moto wa gesi ukawa wa bluu hafifu, ukapiga mdomo mara moja, ukazima.

Kitu pekee kilicholiwa ni kachumbari. Alikuwa ameitengeneza binti yangu wakati mimi napigana: vitunguu akaviosha kwa chumvi mpaka ukali ukatoka, nyanya, hoho, ndimu, pilipili moja. Nzuri sana. Tuliila watu watano kwenye bakuli moja, bila kitu pembeni, na hakuna aliyezungumza.

Saa tatu na nusu nikavaa ndala.

"Mzee!" yule kijana akasema aliponiona. "Leo nilidhani mmesafiri." Halafu akanusa. Uso ukabadilika kidogo, kama wa mtu aliyeona namba ngeni kwenye simu ya mchumba wake. "Mbona unanukia chipsi? Umetoka kwa nani?"

Ikabidi niseme ukweli, tena mbele ya wateja watatu na yule dereva wa bajaji. Nilisimulia mpaka helmeti. Walicheka mpaka mmoja akaomba kiti. Kijana akafuta macho kwa ukingo wa aproni, na kwa kuwa mimi ni mteja wake, akanielekeza bila kuficha kitu.

"Kuku wangu anaanza saa saba mchana, mzee. Namchemsha na chumvi, tangawizi, saumu, ndimu, maji kidogo sana, mpaka yamkaukie. Hapo tayari ameiva, na ladha imeshaingia hadi kwenye mfupa. Namwacha apoe, akauke vizuri. Namkaanga mara ya kwanza apate rangi, namweka kabatini. Wewe ukija saa moja, mimi namshtua tu."

"Kumbe zile dakika tatu..."

"Ni za kumshtua."

Viazi navyo hivyo hivyo. Anavikausha maji, anavikaanga nusu mapema, anavimaliza ukishaagiza, na haweki zaidi ya vinavyoweza kucheza ndani ya mafuta. Nikamuuliza kuhusu jogoo. Akanitazama kwa huruma, huruma ya kweli kabisa.

"Jogoo si wa chipsi, mzee. Jogoo ni wa mchuzi. Hapa wote ni wa kisasa."

Wale wa chekechea. Miaka yote hiyo nimekuwa nikilamba vidole kwa ajili yao.

Akanifungia tano. Zamani alikuwa anatia kwenye mfuko mwembamba wa nailoni na ulikuwa ukifika nyumbani chipsi zimetoka jasho. Mifuko ile ilipopigwa marufuku Juni 2019 akahamia kwenye foili na bahasha ya kaki, na kwa maoni yangu hakuna sheria nyingine iliyowahi kuinufaisha chipsi kuliko hiyo. Nilitembea nazo gizani zikinipasha mkono. Tulikula saa nne usiku, na hakuna aliyekuwa na la kusema kuhusu kuku kurudi.

Mabaki ya jogoo nilimpelekea bibi pamoja na karai lake. Jumamosi asubuhi alimweka kwenye jiko la mkaa, akamchemsha kama saa mbili, akamtilia tui la nazi zito na bizari, na mchana akatuletea bakuli. Vipande vilikuwa vimepungua viwili, nikachukulia ni ushuru. Ule mchuzi tuliula kwa wali tukiwa tumeinamia sahani. Jogoo alikuwa wa Singida kweli, inaelekea.

Jumapili nilikaa na daftari la Sayansi. Jogoo 28,000. Mafuta 18,000. Viazi 4,500. Viungo 3,000. Nauli kwenda na kurudi 1,200. Kujaza gesi 24,000. Chipsi kuku tano za saa tatu na nusu usiku, 25,000. Jumla 103,700 kwa Ijumaa moja. Helmeti haimo kwenye hesabu hiyo. Mwenyewe bado anaiosha.