YAH: SEVA YA BARUA PEPE ILIYOPIMWA KWA RULA YA BAJETI

Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Zabuni.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kuwapongeza. Mlipoamua seva ya barua pepe ikae hapa hapa ofisini, chumba cha jirani na stoo, tulihofu mngepoteza muda kwa hesabu. Hamkupoteza. Watumishi 600 mara gigabaiti 2, jibu terabaiti 1.2, mkanunua diski mbili za terabaiti 1 kila moja, na chenji ikabaki. Fundi aliposema diski hizo ni pacha, kila moja nakala ya mwenzake ili moja ikifa kazi isisimame, kwa hiyo nafasi halisi ni terabaiti 1 tu, mlimwomba asilete siasa kwenye hisabati.

Ndivyo kamati za harusi zinavyopika kwa idadi ya kadi, zikasahau kuwa nyingi ni dabo.

Kisha Rasilimali Watu wakatuma waraka wa kubana matumizi ya karatasi. Ukurasa mmoja, ulioskaniwa kwa rangi ili muhuri uonekane vizuri: megabaiti 20. Zidisheni kwa wote 600: gigabaiti 12, kwa ukurasa mmoja! Zamani Exchange, programu ya Microsoft inayoendesha seva yetu, ilitunza nakala moja kwa ajili ya wote. Utaratibu huo uliondolewa kuanzia toleo la 2010. Wala sijagusa wale waliojibu "Nimepokea, ahsante" kwa ofisi nzima.

Mlituagiza tufute barua. Tulifuta. Lakini kwa kawaida Exchange huendelea kuhifadhi kilichofutwa siku 14, pengine mtu atajuta. Diski haikupumua.

Kuhusu chelezo, yaani nakala ya akiba, mliikata kwenye bajeti kwa hoja kwamba seva ni mpya, itaharibikaje? Hoja nzito. Bahati mbaya, kila badiliko huandikwa kwanza kwenye faili za kumbukumbu za miamala, na faili hizo kwa kawaida husafishwa chelezo inapokamilika. Bila chelezo zinarundikana tu. Nafasi ikiwa finyu kupita kiasi, seva hukataa kupokea barua. Seva za nje hubisha hodi tena na tena, kwa desturi siku nne au tano, kisha humrudishia mtumaji barua yake. Wazabuni wenu wanadhani mnawapuuza.

RAM nayo: Microsoft inapendekeza angalau gigabaiti 128 kwa Exchange ya 2019. Mlinunua 32, mkisema simu ya Mkurugenzi ina 8 na haijawahi kulalamika.

Kabla ya zabuni ijayo naomba jambo dogo. Badala ya kuhesabu vichwa, ulizeni mazoea yao: kila mtu hupokea barua ngapi kwa siku, zina uzito gani, zitatunzwa miaka mingapi, na Jumatatu saa mbili asubuhi, kompyuta na simu zote zinapoingia kwa pamoja, mzigo unafika wapi. Majibu tunayo. Tuliwatumia kwa barua pepe.

Nawasilisha kwa utekelezaji.

Mtumishi wenu,
Kitengo cha TEHAMA

Nakala: Mkuu wa Rasilimali Watu – tafadhali skani kwa nyeusi na nyeupe.