Maelekezo kwa Anayedhani Anaijua Njia ya Vumbi

Aliye hatarini kuliko wote katika mashamba ya Castilla ni yule aliyekulia juu ya baiskeli. Alijifunza kwa kupenyeza mguu chini ya bomba la juu, kwa kuwa kiti kilikuwa mbali. Amebeba mkaa, amebeba maziwa, amebeba shangazi mwenye jogoo mapajani, na si lazima iwe kwa siku tofauti. Akisikia kwamba kuna watu wazima wanaolipa nauli ya ndege kwenda kaskazini mwa Hispania kutafuta njia ya changarawe ilhali ya lami ipo, hucheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha anaalikwa, naye anakwenda. Maelekezo haya ni yake.

Kwanza baiskeli yenyewe. Utapewa yenye usukani uliojikunja kama pembe za beberu na matairi ya milimita 40 au zaidi. Haina keria, haina kengele, haina stendi, madigadi ndiyo usiulize kabisa. Ukitaka kujua mzigo unafungwa wapi, fahamu kwamba mzigo ni wewe. Ndani ya tairi hamna tyubu, mna maji mazito meupe ya kuziba tundu likitokea, na hapo usicheke. Kando ya njia hizo hutambaa mmea wenye maua madogo ya manjano ambao Wahispania huuita abrojo. Chuchumaa uutazame vizuri. Ni mbigili, ileile iliyokutoboa kisigino ulipokuwa unachunga mbuzi. Umevuka bahari kuja kukutana na adui wa utotoni.

Anzia Alar del Rey, kaskazini mwa jimbo la Palencia, unapoanza mfereji uitwao Canal de Castilla. Ulianza kuchimbwa mwaka 1753 ili ngano ya bara ishuke kwenye maji, ivuke milima na kufika bandari ya Santander. Kazi ikaachwa mwaka 1849, kukiwa na kilomita 207 za mfereji na malango 49 ya kupandishia na kushushia mashua. Milima haikuvukwa. Haukupita muda mrefu reli ikafika, ikaivuka. Mashua zilikuwa zikivutwa na nyumbu waliotembea ukingoni, na ile njia yao ya ukingoni ndiyo yako leo, kilomita zaidi ya 150 mpaka Medina de Rioseco, ngano kushoto, shayiri kulia, mistari ya mipopla, na tena ngano.

Njia ni tambarare, na mgeni huambiwa hivyo kama zawadi. Kwenye mlima mtu hupanda akatukana, akashuka akapumzika. Kwenye tambarare hakuna mteremko, kwa hiyo hakuna mapumziko. Miguu huzunguka tangu asubuhi, na upepo wa nyanda zile hauna mti wa kuuzuia zaidi ya hiyo mipopla. Anayesema tambarare ni raha akamwulize nyumbu. Ukifika Frómista utakuta malango manne yamepangwa kama ngazi, maji yakiporomoka humo kwa kishindo. Utataka kupiga picha, kila mtu hupiga. Ila usirudi kinyumenyume kutafuta picha nzuri zaidi, maana mfereji uko nyuma yako pia.

Sasa saa, na hapa naomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo Mswahili huumia kuliko Mjerumani. Sisi tumezoea jua kuwa mwaminifu: likichomoza ni saa kumi na mbili, likizama ni saa kumi na mbili, na mengine ni hesabu. Hispania ilisogeza saa zake mbele mwaka 1940, enzi za Franco, zikalingana na za Berlin, na hazikurudishwa mpaka leo, ingawa Palencia iko magharibi zaidi hata kuliko London. Ongeza saa moja ya majira ya joto. Matokeo yake, mwezi Juni jua la utosi hufika baada ya saa nane mchana, na machweo husubiri karibu saa nne usiku. Utampigia mama simu saa tatu na nusu usiku umevaa miwani ya jua, naye ataanza kukuombea dua.

Hilo lingekuwa la kuchekesha tu, kama tumbo lisingehusika. Chakula cha mchana ni saa nane. Cha usiku ni saa tatu, na anayekwenda saa mbili atamkuta mpishi bado anavaa aproni. Katikati, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja hivi, maduka hufungwa, vifuniko vya madirisha hushushwa, na kijiji kizima hunyamaza kana kwamba wakazi wamesikia unakuja. Wewe sasa, kwa akili zako za kuamka mapema na kufika mapema, utaingia kijijini saa kumi kasoro robo, jua likiwa kali kuliko saa zote, chupa ya maji ikiwa tupu, ukakuta bomba la uwanjani lina kibao: agua no potable. Maana yake si ya kunywa. Ujaze maji mahali popote unapoyakuta, hata kama hujasikia kiu.

Usitegemee kijiji kinachofuata. Vijana wa nyanda hizi walihamia Madrid, Valladolid na Bilbao zamani, na vijiji vingine havina duka hata moja. Mkate huletwa na gari dogo linalopiga honi. Panapobaki kitu ni baa. Usiogope neno hilo: ni mgahawa, ni ofisi ya habari, na nje yake pana benchi la mawe lenye wazee wanne wanaotazama barabara, kwa hiyo ni baraza kamili, ila wao wana karata na domino mahali pa bao. Salimia kwanza. Hili unalijua tangu kuzaliwa, na litakupa heshima ambayo waendesha baiskeli wenye nguo za kubana huipita kwa kasi. Lakini heshima huzaa maelekezo, na maelekezo ya mzee wa Castilla ni "todo recto". Tafsiri yake unaijua: nyoosha tu, si mbali.

Ndani, agiza tortilla. Haihusiani na ile ya Meksiko. Ni viazi na mayai vilivyokaangwa pamoja vikageuzwa, yaani chipsi mayai iliyopelekwa shule ya bweni. Mchana kuna menú del día, sahani mbili, mkate, kitindamlo na mvinyo ndani ya bei ileile. Mvinyo huo ni mtego wa kisheria, kwa sababu kiwango cha kilevi kinachomhusu dereva wa gari kinamhusu na mwendesha baiskeli. Asiyekula nguruwe aseme "sin cerdo", aseme tena, kisha akague supu ya kitunguu saumu kwa kijiko, kwani kuna wapishi ambao kwao vipande vya jamón si nyama, ni kiungo.

Utajiona msomi wa lugha siku ya kwanza. Azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni, hasta ni hata, na alcalde, meya wao, jina lake limetoka kwa kadhi. Waarabu walipita huko kama walivyopita kwetu. Furahia, lakini usijibu swali lolote kwa maneno hayo manne.

Tope ni somo la pekee. Tope la nyumbani huteleza: unaanguka, unainuka, watoto wanashangilia, unaendelea. Udongo wa mfinyanzi wa nyanda hizi, ziitwazo Tierra de Campos, hauangushi mtu. Ukikauka ni mgumu kama sakafu, na utausifia. Ukinyeshewa hata nusu saa, hushika tairi, ukapanda juu, ukachukua nyasi na vijiwe, ukajaza nafasi kati ya gurudumu na uma, na gurudumu likagoma. Utasukuma, halisukumiki. Utakwangua kwa kijiti, uende hatua kumi, ukwangue tena. Mwisho baiskeli itakupanda wewe, begani, ikiwa na uzito mara mbili ya asubuhi, nawe viatu vyako vitakuwa vimeota visigino vya bibi harusi. Mvua ikinyesha kaa kwenye changarawe ya mfereji au nenda ukatafute lami, na wala usione aibu. Aliyekuambia lami ni ya waoga hakuwa na mfinyanzi kwao.

Mbwa wa kwetu hufukuza baiskeli kwa kukosa kazi. Mastín wa Castilla yuko kazini, analinda kondoo. Ni mkubwa kama ndama, pengine amevaa kola ya miiba ya chuma, kwa sababu mbwa mwitu wa Ulaya bado wanaishi nyanda hizi na hupenda kuanzia shingoni. Usiiname kuokota jiwe, mazoea hayo yaache uwanja wa ndege. Shuka, weka baiskeli kati yako naye, ongea taratibu, zunguka kundi kwa mbali. Na usidai njia. Njia nyingi pana za nyasi utakazozikuta ni za kuhamisha kondoo, zile kuu zikiwa na upana wa mita 75 hivi, na chama cha wafugaji kiitwacho Mesta kilipewa hati na mfalme Alfonso X mwaka 1273. Sheria ya mwaka 1995 bado inazilinda. Kondoo ana karatasi. Wewe una kofia ya plastiki.

Kibao kidogo kilichogawanywa kimshazari, nusu nyeusi nusu nyeupe, si bendera ya timu. Hapo huwindwa. Wakati wa vuli, Jumapili asubuhi, vaa rangi isiyofanana na sungura.

Toka Medina de Rioseco upande kwenda Urueña. Nasema upande kwa sababu miji ya kale ilijengwa na watu waliotaka adui afike amechoka, na mpango wao haujapoteza nguvu. Ndani ya kuta zake wanaishi watu 200 hivi, na tangu 2007 ni mji wa vitabu, wenye maduka mengi ya vitabu kuliko unavyotegemea kwa idadi hiyo. Kununua kitabu kizito ukiwa huna keria ni kosa ambalo kila mgeni hulifanya mara moja. Mimi nililifanya mara mbili.

Kisha teremka hadi Tordesillas, mtoni Duero. Mitaa ni ya mawe, nayo itakumalizia meno yaliyonusurika. Hapa, mwaka 1494, Wahispania na Wareno waliigawana dunia kwa mstari baharini, na upande wetu ukaangukia kwa Wareno bila sisi kuulizwa. Miaka minne baadaye Vasco da Gama alikuwa Mombasa. Ngome ya huko, Fort Jesus, nayo ilianza kujengwa mwaka 1593 chini ya mfalme Felipe, ambaye wakati huo alitawala nchi zote mbili, na aliyezaliwa Valladolid, palepale unapoishia mkono wa kusini wa ule mfereji. Umekuja na maswali. Unayo haki ya kuyauliza ndani ya nyumba yenyewe.

Ila ukifika saa tisa mchana, nyumba ilimogawanywa dunia itakuwa imefungwa kwa chakula. Egemeza baiskeli ukutani. Kwenye kivuli kuna benchi, na juu yake mzee ameshakaa. Msalimie.