Barua ya Posa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza

Leicester, Uingereza

Kwa Mheshimiwa Waziri,

KUH: KUMPOSA MKE WANGU

Baada ya salamu na taadhima, naleta posa. Najua utashangaa, maana mke mwenyewe yuko chumba cha pili, amelala, katoka zamu ya usiku. Tulioana Mombasa, mashahidi walikuwapo, mahari ilipokewa na cheti tunacho. Baba yake aliniuliza yote aliyotaka kuniuliza, mengine hata hayakumhusu, akaridhika. Kumbe palikuwa na mzee mmoja zaidi ambaye hakualikwa kwenye kikao, naye ni wewe. Kwetu mzee akirukwa katika posa hununa, na ndoa haitulii mpaka aendewe. Basi nimekuja.

Kwanza nishukuru kwamba mmenikuta ndani. Nilikuja kwa viza ya masomo, nikahitimu, nikapewa viza ya wahitimu, na kanuni zenu zinaniruhusu niombe viza ya mume bila kuvuka mpaka. Ningekuwa nimekuja kwa viza ya matembezi ya miezi sita, mngeniambia nirudi Kenya nikaposee huko: nipigwe picha ya mapafu kuthibitisha sina kifua kikuu, nilipe pauni 1,938 badala ya 1,321 mnazowatoza walio ndani (hizo ni bei za mwaka 2025, na bei zenu hazina tabia ya kushuka), kisha nisubiri huko na mke wangu asubiri huku. Mume ni yule yule na mke ni yule yule. Kilichobadilika ni muhuri tu wa siku aliyoingia, na kwa muhuri huo mtu analala na mkewe au halali naye.

Tuje kwenye mahari. Ile ya Mombasa tulikaa na watu wazima, tukasemezana, tukapunguziwa. Yenu haina kusemezana. Juu ya ada ya maombi kuna ada ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka tangu Februari 2024, nayo hulipwa yote kwa mkupuo kabla faili halijafunguliwa. Miaka miwili na nusu, pauni 2,587 na peni 50. Nafanya kazi, nakatwa kodi na bima ya taifa kila mwezi sawasawa na jirani yangu, na hospitali tunaitumia moja. Jirani hajawahi kudaiwa ada hii. Sawa, naihesabu kuwa kilemba cha baba. Ila katika dini yetu mahari ni mali ya bibi harusi, na sijasikia ukoo ambao mzee aliichukua yote akaiingiza hazina, halafu baada ya miezi 30 akataka aposwe upya kwa bei ya siku hiyo.

Mmeweka pia njia ya wenye haraka. Ukiongeza pauni 1,000, jibu linatoka siku ya kazi inayofuata. Asiyekuwa nazo anaambiwa asubiri takriban wiki nane, kwa kuwa ndoa inahitaji kuchunguzwa kwa makini.

Sasa kipato, na hapa nitakaa kidogo. Mke wangu ni raia wenu. Anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Usiku kucha huwageuza kitandani, huwaogesha, huwashika mkono wakiita watu waliokwisha kufa. Hao ni wazazi wenu. Mwaka 2012 mliamua kwamba raia anayetaka kuishi na mwenzi wa kigeni lazima aingize pauni 18,600 kwa mwaka. Desemba 2023 mkatangaza kwamba kiwango kitapanda hadi 38,700, watu wakaahirisha harusi, na Aprili 2024 mkasimamia 29,000. Nilichukua kalamu. Mshahara wa chini mliouweka wenyewe kisheria Aprili 2025 ulikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mtu afanye saa 40 kila wiki, asiugue, asikose hata wiki moja, mwishoni mwa mwaka angekuwa na kama pauni 25,400. Kwa hesabu yenu wenyewe, basi, anayelipwa mshahara halali kwa kazi ya siku nzima si mtu wa kuoana na mgeni. Aoane na mtu wa kwao. Huko hamuulizi kipato, na akitaka kuoana na asiyekuwa na kazi wala mpango wa kuitafuta, mtampa baraka zote.

Asiyefikisha anaweza kuonyesha akiba: pauni 88,500 zilizolala benki miezi sita bila kuguswa. Sijui mfagiaji gani wa Leicester anazo, lakini sheria imemfikiria.

Sisi tumeokolewa na mimi kuwa ndani. Mshahara wangu wa bohari mnaujumlisha na wake, kwa sababu nina ruhusa ya kufanya kazi hapa. Ningekuwa daktari bingwa wa moyo Nairobi, nikiomba kutoka Nairobi, mshahara wangu msingeuhesabu hata shilingi. Nashusha makatoni, Mheshimiwa, na katika macho yenu ninamzidi bingwa wa moyo.

Baada ya fedha mnataka ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli na ingali hai. Nimefungua albamu. Picha iliyotoka vizuri kuliko zote inanionyesha nimevaa kanzu na joho, nimekaa kitako msikitini, nimeshikana mkono kwa nguvu na mwanamume mwenye ndevu nyeupe, tunatazamana. Huyo ni baba mkwe. Nikahi kwetu hufungwa hivyo, mkono kwa mkono na walii. Nyuma yetu ni wanaume watupu, wamevaa kofia, wote wanacheka. Ofisa wenu akianza kumtafuta bibi harusi, naogopa jicho lake litamwangukia yule mzee. Bibi harusi alikuwa nyumbani, upande wa wanawake, na huko simu zilikusanywa mlangoni zikatiwa kwenye beseni. Aliyejaribu kupiga picha alishughulikiwa na shangazi zake.

Ujumbe wa simu nao hautusaidii. Nimepitia wa wiki iliyopita. "Umetoa pipa la taka?" "Lipi?" "La kijani." "Si wiki ya kijani." "Umeangalia kalenda?" Hapo sikujibu. Aliyeoa kwa ajili ya viza angeandika vizuri zaidi.

Bili ya maji ina jina lake na ya umeme ina jina langu, kwa sababu siku tuliyohamia tuligawana kulingana na simu ya nani ilikuwa na chaji. Juzi niliipigia kampuni ya maji niombe jina langu liingizwe kwenye deni. Binti aliyepokea aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Kuna sharti moja sijapata namna ya kulifanyia mzaha. Ombi likiwa mezani kwenu, mwombaji akitoka nchini kabla ya jibu, mnahesabu amelifuta mwenyewe, na ada ya maombi lazima aitafute upya. Kwetu mtu hufa alfajiri akazikwa alasiri, kwa hiyo maziko ya mzazi nisingeyawahi hata mkinifungulia mlango. Lakini hitima ya siku ya tatu ningeiwahi. Mtu aliye katika hali hiyo mnamtaka achague kati ya kumsomea mama yake na kuishi na mkewe, na hamjaandika popote ni kosa gani alilofanya.

Kwa hiyo pamoja na posa naleta maombi mawili. Kiwango cha kipato kisizidi mshahara ambao sheria yenu inasema unamtosha mtu. Na aliyefiwa apewe ruhusa aende, arudi, alikute faili lake palepale.

Mke wangu ameamka. Anauliza nani atatoa pipa.

Wako mtiifu kwa miezi 30 ijayo, inayoweza kuongezwa,

Mkwe mtarajiwa