Umetia Nanga?

Kabati la vyombo la mavyaa wangu lilianguka alfajiri ya siku ya nne tangu turudi kutoka Pemba, na aliyeliangusha ni mimi. Nilikuwa nimeamka kwenda kutia udhu. Nilipofika ukumbini sakafu ikainuka upande wa kushoto, kama sitaha inavyoinuka wimbi likipita chini yake, nami nikafanya kile ambacho mikono ilikwisha kukizoea: nikashika kilicho karibu. Kilicho karibu kilikuwa mlango wa kabati. Sahani 11 za kauri zilivunjika, na buli la maua ya bluu alilopewa mavyaa siku alipoolewa. Alitoka chumbani akifunga kanga, akavitazama vigae, kisha akanitazama mimi niliyeketi katikati yake, viganja viwili vimeng'ang'ania saruji.

"Kuna nini?"

"Nyumba inakwenda mrama, Mama."

Hakunijibu. Akaenda kuchukua ufagio, na mpaka usiku hakunisemesha.

Tulikuwa tumetoka kumuoza wifi yangu Makoongwe, kile kisiwa kidogo kinachotazamana na bandari ya Mkoani. Sisi upande wa bwana wangu tulilala Mkoani, kwa hiyo siku sita nzima tulikuwa watu wa mashua: asubuhi kuvuka na masufuria, jioni kuvuka na watoto waliolala. Ilikuwa Julai, kusi limekaza. Siku ya kwanza nilitapika mpaka nyongo. Siku ya tatu nilikuwa nasimama wima mashuani na sinia kichwani. Tuliporudi Unguja kwa meli, wenzangu walijilaza chini na ndoo zao, wananusa ndimu, wanamuomba Mungu awafikishe. Mimi nilikuwa mzima kabisa. Nilipita kwa mmoja mmoja nikiwafuta nyuso.

Usiku wa kwanza nyumbani, Mwanakwerekwe, sote tulisema kitanda kinacheza, tukacheka. Kila aliyewahi kusafiri baharini anaijua hali hiyo, na kwa kawaida siku mbili hazipiti kabla haijaondoka. Wenzangu iliwaondoka. Mimi ilizidi, na ilizidi hasa nilipotulia. Jambo hili ndilo lililonitisha. Siku ya tatu nilikaa kwenye mbuzi nakuna nazi, nikachuja tui, nikaliweka bakuli sakafuni mbele yangu. Nikalitazama. Tui lilikuwa limetulia tuli, jeupe, hata kipande cha kifuu kilichoelea juu yake hakisogei. Na mimi huku nilikuwa napanda na kushuka, napanda na kushuka. Nililia pale pale, kwa kuwa bakuli lilikuwa limenikanusha.

Baada ya kabati, nyumba nzima ikawa na la kusema. Jirani akasema ni mimba, na mimi nilijua si mimba. Shangazi akasema nimefuatana na jini wa bahari, akaniletea kombe, nikanywa kwa heshima yake. Mwingine akasema presha. Bwana wangu hakusema kitu. Alimleta fundi aliyetujengea. Sitamsahau kwa hilo. Watu wote walikuwa wanakipima kichwa changu, yeye akasema tuipime nyumba kwanza. Fundi akatoa pima maji, akailaza ukumbini, akailaza chumbani, akailaza chini ya kitanda changu. Watoto walilala kifudifudi kuangalia. Kile kipovu cha hewa ndani ya maji yake ya kijani kilisogea kidogo, kikasimama katikati ya mistari miwili, hakikutikisika tena.

"Nyumba imenyooka, mama," fundi akaniambia, kwa upole, kama anayeomba radhi.

Hospitali ya kwanza walinipima malaria, damu, presha, sukari. Vyote vizuri. Wakanipa vidonge vya kizunguzungu, vikanilaza mchana kutwa, na usingizini bado nilikuwa mashuani.

Lakini njiani nilikuwa nimegundua kitu ambacho niliogopa hata kukitamka. Ndani ya daladala bahari ilikuwa haipo. Gari lilipokuwa linatingishika kwenye mashimo nilikuwa nimekaa sawa, mwili wangu wangu. Tuliposhuka tu, ardhi ikaanza tena. Basi nikawa kila alasiri napanda gari mpaka Darajani na kurudi, pengine mara mbili, nipate saa moja ya kupumzika. Ndani ya wiki maneno yakafika masikioni mwa bwana wangu: mkeo kila siku yumo garini, anakwenda wapi? Akaniuliza, nikamwambia kweli. Kesho yake akafunga duka mapema, akapanda na mimi.

Daktari wa masikio tuliyempata baadaye hakuanza kwa vipimo. Aliuliza swali moja: "Ukiwa ndani ya gari, je?" Nilipomjibu, akaitikia kwa kichwa, na mimi nikahisi kama mtu aliyeaminiwa kwa mara ya kwanza katika wiki mbili.

Akanieleza kwamba ndani ya sikio mna mirija mitatu iliyopinda, imejaa maji, na kichwa kikigeuka maji yale huubonyeza utando mdogo unaoupa ubongo habari. Karibu yake zimo chembe ndogo za chokaa zinazopima mnyanyuko na mlalo. Nikamwambia, basi hiyo ni pima maji. Akasema ndiyo, na yako haina kasoro. Baharini macho na sikio hugombana, ndipo kigegezi kinapomshika mtu. Ubongo huishi nao ugomvi huo, mwisho hujifunza mwendo wa bahari na kuutarajia. Kwa baadhi ya watu, wengi wao wanawake wa makamo, chombo kikifika pwani ubongo haukubali kuuacha. Vipimo vya sikio havionyeshi kitu, na ndiyo maana wengi huambiwa wanajitungia.

Ugonjwa huu una jina la Kifaransa lenye maana ya maradhi ya kushuka chomboni. Mwaka 1987 madaktari wawili wa Marekani, Brown na Baloh, waliandika habari za wagonjwa sita ambao haukuwaacha. Mwaka 2014 Mingjia Dai na wenzake, Hospitali ya Mount Sinai, New York, waliwaketisha wagonjwa 24 mbele ya mistari inayotembea ukutani, huku vichwa vyao vikiinamishwa upande huu na upande huu kwa mwendo ule ule wanaouhisi, ili ubongo ufundishwe upya. Wengi walipata nafuu. Wapo wengine wanaoubeba miaka.

Nilipomsimulia mavyaa haya yote, alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama kwenye ungo. Akasema, baba yake alikuwa nahodha wa jahazi, na kila aliporudi safari ndefu halali kitandani. Alitundika pembea uani, akalala humo mpaka bahari imuachie. "Sisi watoto hatukuuliza," akasema. Kisha akamwita mjukuu wake amletee kamba.

Pembea ilitundikwa kwenye mwembe jioni ile ile. Usiku, watoto wakishalala, mavyaa alikuwa akitoka na kibao chake, akakaa nyuma yangu na kuisukuma kwa mkono mmoja, tasbihi katika mkono wa pili. Pembea ikisimama, mrama ulirudi, ila kila siku ulirudi mdogo zaidi. Hakuna usiku aliochoka kabla yangu. Na kila asubuhi, mlangoni, kabla hata ya kuamkiana, aliniuliza: "Umetia nanga?"

"Bado, Mama."

Siku ya 23 nilikuwa kwenye mbuzi. Nikachuja tui, nikaliweka bakuli chini. Nikalitazama muda mrefu, nikangoja. Yeye alikuwa amesimama kizingitini, na safari hii hakuuliza.

"Mama," nikamwita, "njoo ukae hapa na mimi."

Akaja, akakaa sakafuni.