Shule Yenye Farasi

Mzazi wa Nairobi au Dar es Salaam anayemtafutia mtoto mwenye disleksia shule ya bweni Uingereza huanza na picha: farasi, ziwa, kanisa la mawe. Mwalimu wa kumsaidia mtoto kusoma haonekani pichani, pengine kwa kuwa hana farasi.

Sheria ya Watoto na Familia ya mwaka 2014 inaweza kumpatia mtoto wa England mpango rasmi wa msaada, unaogharimiwa na halmashauri na unaoweza kudumu hadi atimize miaka 25. Lakini mtoto mgeni aliyeingia kwa viza ya masomo hasomi shule ya serikali. Husoma ya kulipia, ambayo ada yake tangu Januari 2025 inatozwa VAT ya asilimia 20. Vipindi vya ziada mara nyingi huja na ankara yake.

Ripoti ya mwanasaikolojia kuhusu disleksia ya mtoto, iliyolipiwa fedha nyingi, hubaki kabatini fomu ya kuomba nafasi ikijazwa, isije ikaaibisha ukoo. Shule nayo hutangaza kuwa inampokea kila mtoto, ilimradi amefaulu mtihani wa kuingia. Muhula wa kwanza ukiisha, pande zote mbili hushangaa sana.