Shaba ya Papa

Baba mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Papa, alikuwa fundi wa pampu katika kampuni ya migodi ya Gécamines mpaka 2003, mwaka ambao wafanyakazi zaidi ya 10,000 walianza kuondoka "kwa hiari" kwa fedha za Benki ya Dunia. (Hiari hiyo muulizeni mwenyewe, lakini si wakati wa kula.) Mtu aliyefungua pampu za mgodi ataitaje fundi bomba, kijana wa plombe, kwa tiyo (bomba) ya jikoni?

Tiyo zetu ni za chuma kilichopakwa zinki, na kipande cha chini ya sinki kilikuwa kimeoza. Mume wangu alinunua cha plastiki kwenye soko la Kenya, hapa mjini. Papa alikitazama kama bukari (ugali) ya jana. "Hapa ni Lubumbashi, mji wa shaba," alisema. Akatoa sandukuni kipande cha tiyo ya shaba, ambacho sikuuliza kilitoka wapi, akakiunga moja kwa moja kwenye chuma.

Mtaani kwetu maji huja usiku, kwa hiyo kazi ya mchana hupimwa saa nane za usiku. Majirani walipoanza kuitana, "Lamukeni, maji imefika!", tulikimbilia jikoni. Hata tone halikuvuja. Papa alivuta kiti akakaa kuitazama tiyo yake hadi alfajiri.

Basi, shaba na chuma vikigusana majini, umeme mdogo hupita kati yake, na kinacholiwa ni chuma. Huliwa taratibu, kwa ndani, bila kelele. Mvua zilipoanza, usiku mmoja chuma kilikatika palepale kwenye maungio. Vane ya uani, ya kufungia maji, ilikuwa imeganda kwa kutu. Papa, na pajama yake, alishika spana akakaza maungio. Kila alipokaza, chuma kilizidi kumeguka. Maji yalifika sebuleni. Mama mkwe hakusema neno. Alisogeza bidoni (madumu) moja baada ya nyingine chini ya mpasuko, na usiku huo zote zilijaa mapema kuliko siku yoyote.

Asubuhi kijana wa plombe alikuja. "Papa, shaba inakula chuma. Tutie plastiki katikati."

"Mimi najua," Papa akajibu, akamlipa bila kubishana bei. Kisha akamwomba apigilie ubao mbele ya kazi ile, na amalize kabla ya Jumapili, maana ndiyo siku wastaafu wenzake wanapokuja kunywa bia ya Simba.