Heko, Ewe Mguu

Mpwa wangu huunda roboti katika michezo ya kompyuta ya aina ya Robocraft. Kila nikimshauri aiwekee miguu, ananitazama kama nimemwambia apande punda kwenda Dodoma. "Mjomba, miguu ni hasara." Hoja anazo. Roboti ya miguu ni nzito kwa mwendo, inasimama wima kama mnazi hadi adui anailenga huku akipiga miayo, na mguu ukivunjwa mtambo mzima unalala chali. Gurudumu liko chini, linakimbia, na moja likipotea yaliyobaki yanasonga.

Nami, mzee wa Kilosa, nasimama (kwa shida, goti linauma) kukusifu wewe mguu, mwenye sugu, mwenye ganzi, unayelala kabla ya mwenyewe kulala.

Gurudumu ni bwana mkubwa: halitoki nyumbani mpaka litandikiwe. Wajerumani walilitandikia reli kando ya Mto Mkondoa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yakaling'oa tandiko kati ya Kilosa na Gulwe, na treni ikakaa miezi ikisubiri kutandikiwa upya. Kwa ajili ya reli mpya ya SGR, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, tumeitoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki. Wewe mguu ulipita bonde hilohilo katika karne ya 19, ukitoka Ujiji kwenda pwani na pembe za ndovu mabegani, na hakuna aliyekutobolea hata kichuguu.

Ukitaka kuona ufundi wako mbovu, nenda Mikumi, hifadhi tangu 1964. Twiga huinua miguu ya upande mmoja karibu kwa pamoja, kama mlevi mwenye adabu, na akitaka maji hana budi kuitanua au kuikunja ile ya mbele mpaka shingo ifike chini. Fundi aliyechora hivyo angefukuzwa kazi asubuhi. Tembo, pamoja na minne yake minene, hawezi kuruka hata mfereji. Lakini ni miguu hiyo iliyolitia adabu gurudumu: barabara kuu ya Iringa inapokata hifadhi, kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, na anayegonga mnyama hutozwa faini. Lori la Zambia, tairi ishirini na ushei, likifika kwenye tuta linanyata kama mimi nikishuka ngazi. Sisemi mguu hushinda daima. Mizoga ya kando ya lami ingenisuta.

Masika moja nilipanda bodaboda kwenda Ulaya. Ulaya yetu, kata ya hukuhuku Kilosa, haidai pasipoti. Njiani tukazama kwenye tope. Kijana akageuka: "Mzee wangu, shuka kidogo." Hicho kidogo kilikula nusu saa, mimi nyuma nasukuma, kiatu kimoja kimezikwa, na gurudumu linanimwagia tope usoni kwa shukrani. Tulipofika nikaomba punguzo, maana kipande kizuri cha njia nilijipeleka mwenyewe, na pikipiki yake nikaipeleka pia.

"Nauli ni ya kufika, mzee, siyo ya kukaa."

Nikalipa yote, nimesimama kwa mguu mmoja.